Figo Langu na Aibu ya Kwenda Chooni

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, nimezipokea zenu. Mwenyekiti wetu wa mwani ameniomba nisimame hapa bandani niseme yaliyonikuta, na nimemkatalia mara nyingi. Leo nimekubali. Ila mniwie radhi nikiongea huku nimeangalia chini, kwa sababu mengi nitakayoyasema ni ya chooni, na mimi ni mtu mzima, mjane, nina mjukuu na mkwe. Sikulelewa kuyasema haya. Mama yangu mzazi alikuwa akitaka kwenda haja anasema anakwenda kuangalia kuku, na kuku hatukuwa nao.

Mnanijua, mimi ndiye Mama Rukia. Kabla ya kuugua nilikuwa na sifa moja hapa pwani, na nilijiona nayo sana. Sikuwa nakojoa. Tukishuka asubuhi maji yakipwa, wengine mnatafuta pa kujisitiri, wengine mnachuchumaa majini kanga imetanda mkijifanya mnafunga kamba, mimi naendelea na kazi yangu. Nafunga mwani, nahama mstari, nafunga tena, mpaka maji yanaanza kurudi. Nabeba gunia, naanika kichanjani, natembea kwenda nyumbani taratibu. Nyie mlioshikwa na haja nilikuwa nawacheka. Nakumbuka nilimwambia mmoja wenu, yupo hapo nyuma, "Mwenzangu, hicho ni kibofu au bomba la maji?" Mkacheka na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Siri yangu ilikuwa ndogo tu, sinywi maji. Alfajiri napiga nusu kikombe cha chai, basi, mpaka alasiri nikirudi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, jua linawaka mbele na maji yanalirudisha usoni, ulimi unagandana na kaakaa, na mimi sinywi. Tulifundishwa hivyo. Bi Somoe, wewe ndiye uliyetufundisha sote kufunga mwani, usiinamishe kichwa, sikulaumu. Ulituambia mkojo wa mwanamke ukigusa shamba, mwani unageuka mweupe na kukatika. Na wewe uliambiwa na aliyekufundisha. Mwani ukigeuka mweupe tulitazamana, kila mtu akimshuku mwenzake, hakuna aliyethubutu kusema huenda ni joto la maji tu.

Halafu kuna vijana wa kuwinda pweza. Wanapita hapohapo tunapofanya kazi na vijiti vyao, huwezi kujua yupi atatokea wapi. Na kuna nguo. Ukichuchumaa majini unatoka na nguo usiyoijua twahara yake, adhuhuri inaingia, utaswalije? Kwa hiyo nikaona nimepata dawa ya yote matatu. Asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa hana aibu. Ndivyo nilivyoamini, na niliamini miaka mingi.

Nikirudi nyumbani nakula ugali na papa mkavu, au samaki wa ng'onda, wa kukaushwa juani. Mimi kitoweo kisicho na chumvi ya kutosha nilikiona cha mgonjwa. Nyanya ya chumvi, embe bichi la chumvi, papa wa chumvi. Maji ya kisima chetu mnayajua, yana ukakasi, nayo sikuyapenda. Nakunywa kidogo, nalala.

Ilianza na kichomi ubavu wa kulia, nyuma, chini ya mbavu. Nikasema ni kuinama. Nani kati yetu haumwi mgongo? Kinakuja, kinakata, jasho linanitoka, kinaondoka. Kisha mkojo ukaanza kubadilika. Ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ukawa rangi ya maji ya ukwaju, na ukitoka unaunguza mpaka nauma kanga. Unatoka kidogo, unakata, unataka tena. Harufu yake, nisameheni, nilikuwa namwaga maji mengi chooni nikitoka ili anayefuata asiisikie. Maji ya kumwaga nilikuwa nayo, ya kunywa ndiyo sikuwa nayo.

Halafu siku moja nikaona damu.

Wenzangu, mimi hedhi tulishaagana zamani. Mjane wa makamo yangu akionekana na damu, au akionekana anakwenda chooni kila saa anajikunja, watu hawaulizi habari za figo. Wanauliza nani anaingia kwake. Mnajua ni kweli kwa sababu na sisi tumewasema wengine hivyohivyo, hapahapa bandani. Nikaona bora nife kuliko kusemwa. Nikawa nafua nguo zangu za ndani peke yangu, naanika ndani ya chumba, dirisha nimefunga. Nikaenda duka la dawa, nikashindwa kusema ni mimi. Nikasema binti yangu Rukia ana UTI. Yule muuzaji akanipa vidonge. Baadaye akikutana na Rukia njiani anamuuliza, "Dada, ile hali imetulia?" Rukia akawa haelewi, na mimi nikawa napinda kona nikimwona muuzaji.

Vidonge vikipoza siku chache, ugonjwa unarudi. Nikaanza homa za kutetemeka mchana kweupe, meno yanagongana. Nikaanza kutapika. Hapo Rukia akaanza kunibana, na mimi nikamjibu kwa mkato kwamba ni mkojo unaniuma kidogo, asinisumbue.

Sasa niwaambie habari za mkwe wangu, Hamisi, mume wa Rukia. Kwao ni Kitomanga, watu wa korosho. Alipomwoa binti yangu, Rukia alikataa kuniacha peke yangu, na Hamisi akakubali kuja kukaa kwangu, uani hapohapo, chumba chao upande ule, changu upande huu. Anaendesha pikipiki ya abiria. Mkwe wa adabu. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa kwenye mkeka nilioukalia, na hatukuwahi kutazamana usoni. Asubuhi anapita mbali na mlango, anasema, "Shikamoo mama." Najibu, "Marahaba baba." Basi. Akitaka jambo kwangu anamwambia Rukia, na mimi nikitaka jambo kwake namwambia Rukia. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo alivyolelewa, na tulipendana hivyo.

Hamisi alivyosikia mama anaumwa mkojo, akapanda mnazi. Nani hapa hajui kwamba dafu linasafisha mkojo? Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta madafu kizingitini, yameshakatwa vizuri juu, ni kunywa tu. Nikayanywa. Maji sikuyataka, chakula sikukitaka, lakini madafu ya mkwe nilikunywa yote, moja baada ya jingine, na nikamwombea dua.

Nikazidi kuumwa. Mkojo ukawa matone, kisha kama umekata kabisa. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Kwikwi ikanishika asubuhi mpaka jioni. Mdomoni nikawa nasikia ladha ya chuma, kama nimenyonya msumari. Siku ya mwisho nilitaka kuinuka kitandani, miguu ikakataa, na moyo ukawa unapiga, unaacha, unapiga, unaacha. Rukia alinikuta sakafuni.

"Mama, tunakwenda hospitali."

"Na nini?"

"Na pikipiki ya Hamisi."

"Siwezi kupanda pikipiki ya mkwe wangu. Tafuta gari."

"Gari nitalitoa wapi saa hizi? Mama, usipopanda pikipiki utapanda jeneza. Chagua."

Wakanipandisha mchana ule, watu wametoka kuswali adhuhuri, wananiona. Hamisi mbele, mimi katikati, Rukia nyuma amenishika nisije nikaanguka. Kifua changu kimelala kwenye mgongo wa mkwe wangu. Nilifumba macho. Mnaijua barabara yetu ya kutoka Pande kwenda Kiranjeranje, mashimo kwa mashimo. Tulivuka korongo moja, pikipiki ikaruka, ikatua, na ule mkojo uliokataa kutoka chooni ukatoka pale. Wa moto. Una damu, una usaha, una harufu. Ulitoka ukashuka kwenye kiti, ukaingia kwenye suruali ya Hamisi. Nilijaribu kuuzuia, mwili haukunisikia.

Alijua. Niliusikia mgongo wake ukikaza. Hakugeuka, hakupunguza mwendo. Na mimi hapo nilimwomba Mola anichukue. Si kwa maumivu, wallahi, maumivu nilikuwa nimeshayazoea. Kwa aibu. Nilisema moyoni, Mola wangu, nichukue kabla hatujafika, nisije nikashuka nikamwona mtu huyu.

Sikufa. Kiranjeranje tulipata gari la kwenda Lindi. Kabla sijaingia, Hamisi alivua koti lake la mvua akalitandika kwenye kiti nitakachokalia, akasogea pembeni. Nilimwona suruali imelowa mpaka magotini. Nikageuza uso, na baada ya siku hiyo sikumwangalia tena kwa muda mrefu sana.

Hospitali walinipima damu, wakanipaka mafuta ya baridi ubavuni wakaangalia ndani kwa mashine. Daktari alikuwa binti, rika la Rukia, anaongea polepole. Akasema, "Mama, figo lako la kulia limezibwa na jiwe. Mkojo umekosa njia, umerudi nyuma, figo limevimba na limejaa usaha. La kushoto nalo lina mawe madogo na limechoka. Lakini kinachonitisha sasa hivi ni moyo wako."

Nikasema, "Moyo sina tatizo."

"Unalo. Kuna madini yanaitwa potasiamu. Yamo kwenye chakula, mwili unayataka, misuli na moyo havifanyi kazi bila hayo. Figo ndilo linalotoa yanayozidi. Mafigo yako hayayatoi tena. Madini yamejaa kwenye damu mpaka moyo unakosa mapigo." Akamgeukia Rukia. "Amekuwa akila nini?"

Rukia akasema, "Hali kitu. Anakunywa madafu tu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Madafu mangapi?"

"Kila siku. Mume wangu anamuangulia."

"Dafu limejaa potasiamu," daktari akasema. "Kwa mtu mwenye mafigo mazima ni kinywaji kizuri tu. Kwa mtu ambaye hakojoi ni sumu. Mngechelewa kidogo, moyo ungesimama."

Hamisi, aliyetufuata na pikipiki, alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwangalia, niliona miguu yake tu, na niliiona ikigeuka na kuondoka. Nikajua ni harufu yangu. Nikasema, maskini, amevumilia mpaka hapa.

Walinichoma sindano za kuutuliza moyo, wakaniwekea mpira wa mkojo, kisha wakanipeleka hospitali kubwa zaidi. Huko walitoboa ubavu wakapitisha mpira mwingine hadi kwenye figo, usaha ukatoka siku nyingi. Mkojo wangu ulikuwa unaning'inia kwenye mfuko kando ya kitanda, kila anayepita anauona. Nikaufunika na kanga. Muuguzi akaifunua. Nikafunika tena. Akaniambia, "Mama, sisi tunataka kuuona. Ukijaa tunafurahi." Na kweli, siku mkojo ulipoanza kutoka vizuri, aliusoma kwa sauti, "Mama Rukia leo umekojoa vizuri sana," wodi nzima ikasema alhamdulillahi. Nilivuta shuka mpaka kichwani. Mimi niliyekuwa nikisifiwa kwa kutokukojoa, wodi nzima inashukuru kwa mkojo wangu.

Figo la kulia halikufaa tena. Walilitoa. Jiwe walinionyesha kwenye kisahani, la kahawia, lina miiba, kubwa kama mbegu ya ukwaju. Nikamuuliza daktari wa huko, mwanamume mtu mzima, jiwe linaingiaje mwilini, maana sikumbuki kulimeza. Hakunicheka. Akaniuliza, "Kwenu kuna mashimo ya chumvi?" Nikasema yapo, Lindi na Kilwa. "Maji ya bahari yakikauka shimoni kinabaki nini?" Nikasema chumvi. "Basi. Mkojo una madini mengi, kalsiamu na mengineyo. Ukinywa maji yanayeyuka yanatoka. Usipokunywa, na unatoka jasho juani, mkojo unakuwa mzito, madini yanaganda, punje juu ya punje. Na chumvi nyingi unayokula inazidisha kalsiamu inayotoka kwenye mkojo. Umelitengeneza mwenyewe, mama, kidogo kidogo."

Nikasema basi nitaacha maziwa na dagaa, maana nimesikia ndimo yalimo hayo makalsiamu. Akasema, "Usiache. Kalsiamu ya kwenye chakula unaihitaji, mifupa yako itauma. Punguza chumvi, achana na papa wa chumvi, na kunywa maji siku nzima mpaka mkojo uwe mweupe. Umebakiwa na figo moja, nalo lina mawe madogo. Hilo likiziba, hakuna jingine."

Nimelisema hilo taratibu mlisikie. Hilo likiziba, hakuna jingine.

Nilirudi nyumbani. Hamisi alikuwa kwao Kitomanga, msimu wa korosho, anamsaidia baba yake. Nikashukuru. Zile siku nilikunywa maji kwa pupa. Siku moja nilisahau asubuhi nzima, mchana nikataka kulipa deni kwa mkupuo, nikashindilia kata baada ya kata mpaka tumbo likanesa. Kichwa kikauma, nikatapika, nikawa nasema maneno yasiyoeleweka, Rukia akanikimbiza zahanati. Kumbe na maji yana kiasi chake. Ukiyamimina kwa mkupuo yanaizimua chumvi ya kwenye damu, ubongo unavimba. Nikaambiwa ni kidogo kidogo, kuanzia alfajiri mpaka kulala. Nikafanya hivyo, mkojo ukawa mweupe, nikajiona mzima.

Kisha Hamisi akarudi.

Choo chetu, wenzangu, kilikuwa upande wao. Kutoka chumbani kwangu lazima nipite mbele ya kibaraza anapokaa akitengeneza pikipiki. Mtu anayekunywa maji siku nzima anakwenda chooni siku nzima. Nipite na kopo mbele ya mwanamume niliyemkojolea? Asubuhi, tena, na tena, yeye anajua ninakwenda kufanya nini, na anajua mkojo wangu ulivyo? Sikuweza. Na niliona na yeye ananikwepa. Salamu ilikuwa ya mbali zaidi ya zamani. Akiniona mlangoni anainama kwenye injini hata kama pikipiki ni nzima. Nikasema, ananionea kinyaa, na ana haki.

Nikaacha kunywa. Rukia akiniletea jagi nasema asante mwanangu, akitoka namwaga dirishani. Jagi linarudi tupu, Rukia anafurahi, anajaza jingine. Mkojo ukarudi kuwa wa chai. Nikauona, nikajua maana yake, nikaendelea kumwaga. Baadaye kichomi kikaja ubavu wa kushoto. Wa kushoto, jamani. Figo langu pekee. Nikauma kanga nikanyamaza. Mnaweza kusema mimi ni mjinga na sitabisha, lakini nawaambia ukweli, kufa nilikuona ni kwepesi kuliko kupita kwenye kile kibaraza.

Aliyeniumbua ni mchicha. Ulikuwa wakati wa kiangazi, uani kumekauka kote, nyuma ya dirisha langu mchicha umeota umenawiri. Rukia aliingia na fungu lake mkononi.

"Mama, huu mchicha nani anaunyweshea?"

Nikavuta kanga usoni.

"Mama, nakuuliza. Kila jagi ninalokuletea linakwenda wapi?"

Akaketi sakafuni akalia. Sijawahi kumwona Rukia akilia vile, hata alipokufa baba yake. Akasema, "Mimi nimebakiwa na wewe, na wewe umebakiwa na figo moja, na hilo moja unamwagilia mchicha." Nikamwambia basi, nikamwambia yote. Pikipiki. Suruali. Miguu ya Hamisi iliyoondoka mlangoni kwa daktari. Anavyonikwepa.

Rukia akafuta machozi akanitazama. "Mama, Hamisi anakukwepa kwa sababu ya madafu."

"Madafu gani?"

"Yale aliyokuangulia. Siku ile alipomsikia daktari alitoka nje akakaa chini ya ukuta wa hospitali, hakula mpaka kesho yake. Anasema alikuwa anakuua kwa mkono wake kila asubuhi. Anaona wewe ndiye usiyetaka kumwona. Alikuwa hata hataki kurudi kutoka Kitomanga, mimi ndiye niliyemlazimisha."

Nilikuwa nimelala na aibu yangu muda wote huo sikujua kwamba ng'ambo ya ua kuna mtu analala na ya kwake.

Rukia akatoka akamwita. Akaja, akasimama nje ya mlango, mgongo kwangu, uso uani. Rukia akakaa katikati, kwenye kizingiti. Hamisi akasema, "Rukia, mwambie mama sikujua kuhusu madafu."

Nikasema, "Rukia, mwambie mumeo madafu yalikuwa matamu. Na mwambie hata mimi sikujua."

Hamisi akasema, "Mwambie mama mimi nilimuogesha mama yangu mzazi mpaka siku aliyofariki. Yaliyotokea njiani si kitu. Niliifua suruali, naivaa mpaka leo, hii hapa."

Rukia akafungua mdomo aniambie, nikamwambia nyamaza, nimesikia. Nikalia. Naye Hamisi mabega yalikuwa yanatikisika, lakini hakugeuka, na mimi nilimshukuru kwa kutogeuka.

Kesho yake nilisikia jembe nyuma ya chumba changu. Hamisi alichimba choo mwenyewe, siku kadhaa, akazungushia makuti, akaweka mlango unaotazama ukutani. Hakuniambia ni cha nani na mimi sikuuliza. Nikaanza kunywa maji. Kichomi cha kushoto kikapungua, na kipimo cha mwisho daktari alisema mawe mawili hayaonekani tena, yametoka na mkojo bila mimi kujua.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, nawashukuru madaktari na yule muuguzi, namshukuru mwanangu na mkwe wangu. Na nyie wenzangu nawaomba. Kunyweni maji kabla hamjashuka, na mshuke nayo chupa kiunoni. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ujue mwili unakulilia. Ukiona damu, sema, na atakayekusema vibaya mlete kwangu. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo au miguu iliyovimba asiige maji yangu wala asikimbilie madafu, amuulize daktari kwanza kiasi chake. Papa wa chumvi mloweke kwenye sufuria, maji yake uyamwage. Na mkojo hauui mwani. Nimemuuliza bwana mwani mwenyewe, mtaalamu wa kilimo hiki, amesema ni joto.

Limebaki moja, ndilo lililonileta. Mnajua kile choo cha makuti pale juu ya mstari wa maji, Hamisi na waume zenu walikichimba kabla ya bamvua iliyopita. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeingia. Mnapita mnageuza uso, kwa sababu mlango unaonekana na vijana wa pweza, na kila mmoja anangoja mwingine aanze. Mnashuka midomo mikavu mnarudi midomo mikavu, na mmoja wenu, simtaji, jana nimemwona akijishika ubavu.

Rukia, nipe hiyo chupa. Nainywa hapa, mbele yenu, yote, taratibu. Nikimaliza nitakaa kidogo, kisha nitatoka hapa na kopo langu mkononi, nitashuka njia ile ya katikati, si ya pembeni, na nitaingia. Vijana wa pweza wako pale, nawaona, na Hamisi yuko nao.

Msiangalie chini. Niangalieni.